Hana mdomo, anakulaje? Jibu kwa mwalimu wa Ahero kuhusu bakteria wa baharini

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari karibu na Ahero. Anaandika:

"Daktari, nilikuwa nafundisha ikolojia Kidato cha Tatu. Nikasema baharini kuna bakteria wanaoishi kwa kula kaboni iliyoyeyuka majini. Msichana mmoja akainua mkono: 'Mwalimu, bakteria hana mdomo wala tumbo. Anakulaje kitu kilichoyeyuka? Na kama wako wengi hivyo na wanakula usiku na mchana, mbona hiyo kaboni haijaisha?' Kengele ikaniokoa. Nisaidie kabla ya kipindi cha Jumatatu. Na kama kuna namna ya kuwaonyesha jambo hili kwa maji ya ziwa letu, niambie."

Mwalimu, mpe huyo msichana pongezi zangu. Swali lake la pili linawagawanya watafiti wa bahari hadi leo. La kwanza lina jibu, basi tuanzie hapo.

Tuiangalie kwanza kaboni yenyewe. Ukiyapitisha maji ya bahari kwenye kichujio chenye vitundu vya chini ya mikromita moja, kinachobaki juu ni viumbe na takataka, na kinachopita tunasema kimeyeyuka. Mpaka huo umewekwa na watu wa maabara kwa urahisi wa kazi yao, ndiyo maana virusi na hata bakteria wadogo hupenya wakahesabiwa upande usio wao. Katika maji yaliyopita mna sukari, asidi amino, vipande vya protini na mafuta, na maelfu kwa maelfu ya molekuli ambazo hazijapewa jina. Zote asili yake ni viumbe, kwa hiyo tunaiita kaboni ogania, tusiichanganye na kaboni dayoksaidi ambayo nayo imeyeyuka humohumo. Katika lita moja ya maji ya juu ya bahari, kaboni ogania haifiki miligramu moja. Kwenye maji ya kina kirefu ni kama nusu miligramu. Jicho haliioni. Lakini bahari ni kubwa, na ukijumlisha yote unapata tani bilioni 660 hivi, karibu robo tatu ya kaboni iliyo angani kwa umbo la kaboni dayoksaidi.

Chanzo kikuu ni mwani, zile chembe ndogo za kijani zinazoelea. Mwani ukiwa hai huvuja sukari na vinginevyo. Vijidudu vinavyoula navyo ni walaji wachafu: vinapasua seli, na sehemu ya maji yake inamwagika kabla ya kumezwa. Kisha kuna virusi, ambavyo hupasua seli na kumwaga kila kilichokuwa ndani. Kwa makadirio yanayokubalika, karibu nusu ya kaboni inayotengenezwa na mwani wa bahari kwa mwanga wa jua hupitia hali hii ya kuyeyuka na kuishia kwa bakteria. Nusu! Nasi bado tunawachorea wanafunzi mwani, kisha kijidudu, kisha samaki mdogo, kisha samaki mkubwa, na bakteria wamewekwa pembeni wakisubiri mizoga.

Kosa hilo lina historia yake. Zamani bakteria wa bahari walihesabiwa kwa kuwaotesha kwenye sahani za agari, yaani rojo gumu la kuoteshea vijidudu, na walioota walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 Lawrence Pomeroy, Mmarekani, aliandika kwamba picha ya bahari tuliyokuwa nayo ilikuwa imewasahau viumbe wadogo ambao ndio wanaofanya kazi kubwa. Miaka michache baadaye ikaenea mbinu ambayo ukiiona mara moja huwezi kurudi kwenye sahani za agari. Unachuja mililita moja au mbili za maji ya bahari kwenye kichujio cheusi, unatia rangi inayong'ang'ania DNA, unaweka chini ya hadubini yenye mwanga wa urujuanimno. Kichujio kinabaki giza, na juu yake zinawaka nukta za buluu, nyingine za mviringo, nyingine zimepinda kama koma, mamia katika kila duara unaloangalia. Ukifanya hesabu unapata karibu bakteria milioni moja kwa kila mililita ya maji ya juu. Sahani ya agari ilikuwa inatuonyesha chini ya mmoja katika kila mia. Mwaka 1983 Farooq Azam na wenzake wakaupa mfumo huu wote jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema ni mzunguko wa vijidudu.

Sasa mdomo. Bakteria wengi wa baharini wamezungukwa na tando mbili, wa nje na wa ndani, na katikati kuna nafasi nyembamba. Utando wa nje umetobolewa na protini zenye umbo la bomba, na katika bomba hizo hupita molekuli ndogo tu, zisizozidi uzito wa daltoni 600 hivi (daltoni moja ni karibu uzito wa atomi moja ya haidrojeni). Glukosi ina 180, kwa hiyo inajipitia. Ikishafika ile nafasi ya katikati inadakwa na protini iliyoumbwa kuishika, ikapelekwa hadi mlango wa utando wa ndani, na mlango unaivuta ndani kwa kutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Lazima ATP itumike, kwa sababu ndani ya seli kuna vitu vingi kuliko nje, na hakuna kinachopanda mlima huo bure. Wanafunzi wako wamekwisha kusoma usafirishaji amilifu kwenye mizizi na utumbo. Ni jambo lilelile, ila hapa ndiyo mlo mzima.

Basi vikubwa je? Mwani mwingi huhifadhi sukari kwa umbo la minyororo mirefu, mmoja wapo unaitwa laminarini. Mnyororo kama huo haupiti kwenye bomba. Inabidi ukatwe nje kwa vimeng'enya, na hapo kuna hatari: bakteria agharamie kimeng'enya, akate, halafu vipande vielee vikaliwe na jirani ambaye hakuchangia chochote. Wengi huepuka hasara hiyo kwa kubandika vimeng'enya kwenye uso wa seli yenyewe, karibu na mlango. Kuna kundi jingine linalokata kidogo tu nje, likavuta kipande kikubwa kikiwa bado kizima hadi kwenye ile nafasi kati ya tando mbili, na kumalizia kukikata humo, asipate mtu hata tone. Mimi nawapenda hawa. Uchoyo uliopangwa vizuri namna hiyo ni nadra kuuona.

Lakini tabu kubwa ya maisha baharini inaanza kabla ya mlangoni, kwenye kukipata hicho chakula. Sukari huru katika maji ya bahari ya wazi ni kama mikrogramu moja tu kwa lita. Chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, ukikoroge katika maboza 500 ya maji yenye lita 10,000 kila moja: huo ndio uji anaokunywa. Uwembamba huo wenyewe unatokana na ulaji wao, kwani kila molekuli tamu inayojitokeza hunyakuliwa mapema, nyingine ndani ya masaa.

Katika maji membamba hivyo, udogo ni mali. Kadiri mwili unavyopungua, ndivyo uso wake unavyokuwa mkubwa ukilinganisha na kilicho ndani, na uso ndio wenye milango. Bakteria hana haja ya kukimbilia molekuli. Zinamjia zenyewe kwa kutangatanga. Sukari hukata umbali wa sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde chache tu, na huo ndio umbali wa wastani kati ya bakteria mmoja na mwenzake pale wanapokuwa milioni moja kwa mililita.

Hebu tumfanyie hesabu mmoja wao. Bakteria wa bahari wa ukubwa wa wastani ana kaboni ya femtogramu 20 hivi mwilini; femtogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa kwa milioni bilioni. Ili agawanyike wawe wawili, lazima atengeneze nyingine 20. Je, akila 20 zinatosha? Hazitoshi hata kidogo, na hapa ndipo ningependa ukae na darasa lako kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Kula na kukua ni hesabu mbili tofauti. Katika bahari ya wazi, kati ya kila atomi 100 za kaboni zinazoingia kwa bakteria, zinazogeuka mwili wake ni kama 15, mara nyingi hata pungufu. Zile 85 zinaunguzwa kwa oksijeni na kurudi majini kama kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo atahitaji kuingiza femtogramu 130 hivi. Zikiwa ni glukosi tupu, hiyo ni zaidi ya molekuli bilioni moja. Akitaka kugawanyika mara moja kwa siku, ameze molekuli 12,000 kila sekunde, mchana na usiku, kutoka kwenye ule uji wa maboza 500. Glukosi peke yake inayomfikia kwa kutangatanga haitoshi. Ndiyo maana hachagui sana: sukari hii, asidi amino ile, asidi ogania, vipande vya mafuta, milango mingi kwa wakati mmoja.

Na kwa nini aunguze nyingi hivyo? Sehemu ni nauli: kuvuta molekuli ndani kunagharimu, vimeng'enya vinagharimu, tando na protini zinachakaa na kutengenezwa upya hata siku ambayo seli haikui. Sehemu nyingine ni viungo vinavyokosekana. Mwili wa bakteria unahitaji kama atomi moja ya nitrojeni kwa kila tano za kaboni, na juu yake fosforasi. Sukari haina hata moja kati ya hizo. Bakteria aliyeshiba sukari bila nitrojeni anabaki na mafuta ya kuwasha moto bila matofali ya kujengea. Atainyakua amonia majini, na hapo anakuwa mshindani wa mwani uleule uliomlisha. Kwenye maji yaliyojaa virutubisho mambo hubadilika, na sehemu inayokuwa mwili inaweza kupanda ikafika 30 au zaidi katika 100.

Bakteria wa kawaida wa maabara, *Escherichia coli*, akipewa kila anachotaka hugawanyika kwa dakika 20. Usiwaache wanafunzi wadhani bahari inakwenda hivyo. Wengi huko huchukua siku nzima au siku kadhaa.

Bingwa wa maisha haya ana jina la kuchosha: SAR11. Mwaka 1990 Stephen Giovannoni na wenzake waliukuta mfuatano wa jeni yake katika maji ya Bahari ya Sargasso bila kumwona mwenyewe. Hakukubali kuota maabara kwa miaka 12. Walipomwotesha mwaka 2002, siri ilikuwa kumpa maji ya bahari yaliyotakaswa badala ya mchuzi mnono wa maabara, na kumtenga kwa kuyazimua maji hadi zibaki seli chache tu katika kila kishimo cha sahani ya kuoteshea. Mchuzi mnono humdhuru. DNA yake ina herufi milioni 1.3 tu, idadi ndogo mno kwa kiumbe anayejitegemea, na mwili wake ni kama sehemu moja ya mia ya *E. coli*. Amejipunguza hadi akatupa hata uwezo ambao bakteria wengi wanao: hawezi kuitumia salfa ya kawaida ya maji ya bahari, lazima aipate ikiwa tayari ndani ya molekuli zinazovuja kwa mwani. Pamoja na ufukara huo, karibu robo ya seli zote za bakteria katika maji ya juu ya bahari ni za ukoo wake.

Mwanafunzi mwingine atauliza: kama wanagawanyika, mbona hawafiki bilioni? Wanaliwa. Viumbe wa seli moja wenye mikia huwameza mmoja mmoja, na virusi huua sehemu kubwa yao kila siku. Wakipasuka, kaboni yao inarudi kuwa iliyoyeyuka na wenzao wanaila. Kila ikipita mzunguko huo, nyingine inaunguzwa, na ndiyo sababu kaboni kidogo tu kutoka njia hii hufika kwa samaki.

Tuje kwenye swali lililokukimbiza darasani. Mbona haijaisha?

Sukari na asidi amino kweli huisha. Zinatengenezwa leo, zinaliwa leo au kesho. Zile tani bilioni 660 karibu zote ni kitu kingine. Ukipima umri wake kwa kaboni ya mionzi, iliyo kilindini ina wastani wa miaka 4,000 katika Atlantiki na 6,000 katika Pasifiki. Maji yenyewe hayakai kilindini muda mrefu hivyo, kwa hiyo kaboni hiyo imezunguka bahari zaidi ya mara moja bila kuliwa. Upande mmoja wa watafiti unasema ni makapi: molekuli zilizokwisha kutafunwa na kugeuzwageuzwa hadi hakuna kimeng'enya kinachozishika. Upande mwingine unasema tatizo ni uchache. Mata hiyo ni mchanganyiko wa maelfu mengi ya molekuli tofauti, na kila moja iko katika kiasi kidogo kiasi kwamba gharama ya kutengeneza mlango wake inazidi faida. Mwaka 2015 Jesús Arrieta na wenzake walichukua maji ya kilindi, wakaikoleza kaboni yake mara kadhaa, na bakteria waliokuwa wamedumaa wakaanza kukua. Wapinzani wakajibu kwamba iliyoliwa ni sehemu ndogo tu ya jumla, na kubwa ilibaki palepale. Kwa maoni yangu pande zote zina haki, lakini hoja ya uchache ilidharauliwa muda mrefu mno, na kwa darasa lako ndiyo nzuri zaidi kwa sababu inatokana moja kwa moja na ile hesabu ya gharama na mapato.

Makapi mnayo hata huko kwenu. Maji yanayotoka kwenye vinamasi vya mafunjo, kama kile cha Yala, mara nyingi yana rangi ya strungi nyepesi. Rangi hiyo ni kaboni ogania iliyoyeyuka, na inadumu kwa sababu bakteria wanaishughulikia polepole sana. Jua la mchana huivunja haraka kuliko wao.

Ziwa Victoria si bahari, na bakteria wake ni wa koo nyingine, ingawa SAR11 ana binamu wa maji baridi katika maziwa mengi duniani. Ila kanuni ya kuunguza haibadiliki, na katika Ghuba la Winam la ziwa hilo ina uzito ambao bahari ya wazi haina. Ghuba ni la kina kifupi, maji ni ya joto, na mito ya Nyando, Sondu na Kisat inaleta udongo, mbolea na uchafu. Mwani unastawi, gugumaji linaoza, chakula cha bakteria ni tele. Sasa piga hesabu. Kwa mwinuko wa mita 1,134 na joto la nyuzi 25, lita moja ya maji hushika oksijeni ya miligramu 7 hivi. Kuunguza miligramu moja ya kaboni kunamaliza miligramu 2.7 za oksijeni. Kaboni isiyofika hata miligramu 3 kwa lita, ikiliwa upesi kuliko upepo unavyorudisha hewa, inatosha kuacha maji hayana pumzi. Mvuvi wa Dunga akiona samaki wanatweta juu ya maji alfajiri anajua kuna neno: usiku mwani hautoi oksijeni, lakini kuunguza hakukulala. Samaki wa ziwani anaweza kuhama. Aliye kwenye kizimba hana pa kwenda. Na molasi ikimwagika kwenye kijito huko kwenye miwa, samaki watakufa bila sumu yoyote kutiwa; ni sukari tu na bakteria wenye njaa.

Hilo la mwisho ndilo unaloweza kulionyesha darasani kwa buluu ya methilini, ile rangi wanayotumia watu wa maziwa kupima kama maziwa yana bakteria wengi. Inabaki buluu oksijeni ikiwapo. Oksijeni ikiisha bakteria huiondolea rangi. Tafuta chupa tatu za nusu lita zinazong'aa na zenye vifuniko vya kubana. Ya kwanza tia maji ya ziwa pekee. Ya pili maji ya ziwa na robo kijiko cha sukari ya mezani. Ya tatu maji ya ziwa yaliyochemshwa, pamoja na sukari kiasi kilekile. Yakipoa yatikise kwanza yaingie hewa, maana kuchemsha kunaifukuza oksijeni na utajidanganya. Matone machache ya rangi kwa kila chupa, buluu hafifu tu, kwani ikizidi inawadhuru bakteria wenyewe. Jaza hadi shingoni pasibaki hewa, funga, weka kabatini gizani ili mwani usizalishe oksijeni.

Usitarajie dakika. Ni masaa mengi au siku, kutegemea maji yametekwa wapi, kwa hiyo ianze Ijumaa. Yenye sukari inatakiwa kutangulia kupauka. Ikishapauka, ifungue, mimina kidogo, ifunge na uitikise mbele yao: buluu inarudi, kwa kuwa umeirudishia oksijeni. Iliyochemshwa ikibaki buluu muda wote ndipo utaweza kumjibu atakayedai kwamba ni sukari yenyewe iliyofuta rangi. Maji yateke kwa ndoo yenye kamba kutoka kwenye gati au mashua, na wanafunzi wasiingie miguu ufukweni, kwa sababu ya kichocho.